Tuta la Padri

Mashuka yalikuwa mia moja na ishirini, na mashine ya pili ya kukausha ilikuwa imegoma tangu Jumanne. Kreszenz Oberrauch, ambaye kijiji kizima cha Grubach humwita Zenzi, aliyakunja akiegemea mguu wa kulia, wa kushoto ameupumzisha juu ya kikapu, kwa sababu goti lile asubuhi huwa halitaki kusemeshwa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Saa mbili alitakiwa awe kileleni na ski, zile mbao za kutelezea theluji, miguuni.

Hoteli ilikuwa imejaa washindani. Mengi ya mashuka yale yalilaliwa na wasichana ambao Zenzi aliwahi kuwashinda. Miaka mitatu nyuma naye alilala vyumba kama vile kwa gharama ya chama cha ski, akaamka akakuta ski zake zimeshapakwa nta na fundi wa timu. Kisha goti likakatika kwenye mteremko mmoja huko Italia, akapasuliwa mara mbili, na chama kikamwandikia barua ya kumtakia kila la heri. Tangu hapo nta anajipakia mwenyewe, kwenye gereji ya baba yake, kwa pasi aliyoinunua kwa mtu.

Msimu huu alikuwa mtangulizi. Mtangulizi huteremka kabla ya mashindano, ili saa za umeme zijaribiwe, alama za ski zionekane kwenye theluji, na waamuzi waambiwe njia ikoje. Muda wake haubandikwi popote. Malipo yake ni koti lenye jina la benki ya mkoa, pamoja na tiketi ya soseji moja na mkate. Mwaka jana tiketi ilikuwa na bia pia, ila vitu vimepanda.

Asingejisumbua na koti hilo kama si maneno ya Kocha Ditmar. Siku tatu kabla, Ditmar, kocha wa timu ya wanawake ya mkoa, alimvuta pembeni.

"Timu ya mwakani imebaki nafasi moja," alimwambia. "Kikao ni Jumamosi saa tisa alasiri. Una miaka ishirini na minne. Mwakani hawatakuangalia hata kwa jicho moja. Nitasimama chini ya Tuta la Padri. Nipe mteremko mmoja ninaoweza kuutetea, nikawaambie goti limepona na moyo upo."

Jumamosi yenyewe ndiyo hii. Zenzi alikunja shuka la mwisho, akabeba ski zake begani, akaenda kwenye lifti.

Kwenye lango la lifti alikuwepo Gottlieb, ambaye alisoma naye darasa moja. Aliiangalia kadi ya Zenzi mbele na nyuma.

"Hii ya jana."

"Najua ni ya jana. Ya leo iko ofisini, na ofisi inafunguliwa saa mbili. Saa hiyo natakiwa niwe juu."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nifungulie, Gottlieb. Mimi ndiye mtangulizi. Nisipopanda, mbio hazianzi."

"Mashine inataka kadi ya leo, haimtaki mtangulizi." Alionyesha dirisha la tiketi. "Au nunua. Euro sabini na nne."

"Sabini na nne? Jana ilikuwa sitini na nane."

"Leo kuna mashindano," alisema Gottlieb, bila hata aibu.

Aliyemwokoa ni Mzee Korbinian, mfugaji wa ng'ombe ambaye kila majira ya baridi huongoza kikosi cha kusawazisha njia. Alikuwa anapanda na gari la minyororo, wanaume sita nyuma na makoleo yao.

"Ingia, mwanangu, kabla hawajaanza kutulipisha na kuvuta hewa," alimwita.

Zenzi akabanana nao nyuma. Njiani Korbinian alimwinamia ili asisikike na dereva.

"Lile tuta wamelinyanyua jana jioni."

"Nani kasema linyanyuliwe?"

"Watu wa televisheni. Eti kwenye picha linaonekana kama tuta la barabarani la kupunguzia mwendo mbele ya shule. Wakaleta theluji, wakaimwagia maji, usiku ikaganda. Saa hii ni jiwe. Mimi nimesema, nikarudia. Nikaambiwa, Korbinian, wewe kazi yako koleo."

Tuta la Padri liko karibu na mwisho wa njia. Mshindani akifika hapo, miguu imechoka na mwendo umezidi kilomita mia kwa saa. Hurushwa hewani, na chini yake mlima unaendelea kuinama kwa mita kama arobaini, mpaka kwenye mstari wa bluu. Akitua kabla ya mstari, mlima unampokea. Akiupita, anatua kwenye bapa, pale mlima unapokuwa tambarare, na bapa halimpokei mtu. Padri aliyelipa tuta jina alitua pale zamani, na hakusimama tena madhabahuni bila fimbo.

Saa nne na robo Zenzi aliingia kwenye kibanda cha kuanzia. Nyuma yake alikuwepo mtangulizi wa pili, Fabienne, msichana wa miaka kumi na saba kutoka bonde la jirani, midomo imemkauka. Mkuu wa mashindano, Egon Lackner, alikuwa amesimama na koti lake jekundu na redio ya mkononi, anatazama saa badala ya kutazama watu.

"Saa tano kamili tunaingia hewani," alisema. "Televisheni imetupa saa moja na nusu, haiongezwi hata dakika. Nendeni, mniambie njia ni nzuri."

Zenzi alienda. Kona tatu za kwanza goti lilinung'unika, kisha likanyamaza kama linavyofanya likishapata moto, na kwa mara ya kwanza msimu ule alisahau kwamba analo. Alijibana, kidevu karibu na magoti, upepo ukipiga helmeti. Hakufanya kosa hata moja. Alijua hivyo wakati ule ule, na furaha ikampanda kifuani. Alipoliona tuta hakuinuka kupunguza mwendo. Ditmar alikuwa chini, na Zenzi alikuwa hajaja pale kuinuka.

Tuta likamrusha. Alikaa hewani muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa maishani mwake. Aliuona mstari wa bluu ukija, ukapita chini ya ski zake, ukabaki nyuma. Akatua kwenye bapa. Kitu kilipanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno, goti likalia, mkono mmoja ukagusa theluji. Alisimama kwa bahati. Mtu aliyeishi kwenye kazi hii anaijua bahati akiiona.

Kwenye mstari wa kumalizia alipewa redio ya waamuzi, ile ambayo makocha wote hufungua kusikiliza.

"Njia nzuri mpaka kwenye tuta," alisema akihema. "Tuta linarusha mno. Nimepita mstari wa bluu kwa mita kumi, nimetua bapani. Lipunguzwe."

"Ulianguka?" ilikuwa sauti ya Egon.

"Sikuanguka."

"Basi linapitika."

Fabienne akafika salama, mashavu mekundu. Alipopewa redio akasema, "Safi tu, hakuna neno," akairudisha haraka.

"Uliinuka kabla ya tuta?" Zenzi alimuuliza.

"Kocha wangu alisema niinuke."

"Mbona hujawaambia?"

"Hawajaniuliza." Msichana alitazama vidole vyake. "Dada Zenzi, mimi nataka waniite tena."

Redio ikakoroma kwa sauti ya Egon. "Mtangulizi wa pili kasema safi. Tunaanza kama ilivyopangwa. Na wewe Zenzi, kilichopasuliwa ni goti. Isije ikawa na roho nayo walikutoa."

Mtu mmoja alicheka kwenye redio. Zenzi akaweka ski begani, akaanza kupanda kwa miguu kando ya wavu. Chini ya tuta alimkuta Ditmar, na Ditmar alikuwa anatabasamu.

"Nimeuona," alisema. "Mteremko safi kuliko wowote tangu uumie. Nakwenda kuusema hivyo hivyo. Ile nafasi naiona ni yako. Sasa shuka ukanywe chai, na ile redio usiiguse tena."

"Kocha, umeona nilipotua?"

Ditmar alichezea kamba ya saa iliyokuwa shingoni mwake.

"Nimeona."

"Mimi nina kilo hamsini na nane. Namba moja ana sabini na tano, na ski zake zimepakwa nta ya kiwandani. Atatua wapi yule?"

"Nimeona, Zenzi. Nimekwambia nimeona." Alishusha sauti. "Mkataba wangu unaisha Aprili, na anayeusaini anakula meza moja na Egon. Nina watoto wawili. Unataka niseme nini?"

Zenzi alimhurumia, kwa kweli. Alimfahamu tangu yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne, na hakuwa mtu mbaya. Lakini alipogeuka kutazama juu aliliona tuta kwa upande, mdomo wake umechongoka na kung'aa kama sinki, na Korbinian na watu wake wameegemea makoleo bila kazi. Zilibaki dakika sita kufika saa tano.

Alipanda mpaka walipo.

"Mzee, niazime koleo."

"La nini?"

"La kuchimbia."

Korbinian alimtazama. Kisha akamkabidhi koleo la chuma, akageuka kutazama mlima upande wa pili, kama mtu aliyeita mbuzi wake wakakawia.

Zenzi akainama, akapita chini ya wavu, akasimama katikati ya njia na kupiga pigo la kwanza. Barafu ilitoa cheche tu. Akapiga tena palepale, na safari hii kipande cha ukubwa wa mkate kikang'oka kwenye mdomo wa tuta, kikabingirika chini. Mlinzi wa njia akapuliza filimbi. Redio zote zikaanza kupiga kelele kwa pamoja: mtu njiani, simamisha kuanza, nani yule. Hakuinua kichwa. Aliendelea kupiga.

"Haya jamani," alisema Korbinian nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayelalamika. "Limeshaharibika. Tuta lililokatwa nusu ni baya kuliko zima. Itabidi tulimalize."

Wanaume sita wakapita chini ya wavu.

Egon aliteremka mwenyewe kutoka juu, akafunga breki akawamwagia theluji. Uso wake ulikuwa umefanana na koti.

"Nani ametoa ruhusa?"

Korbinian alijifuta pua.

"Bwana Egon, ukitaka tulirudishe lilivyokuwa, nipe saa mbili na gari la maji. Ukitaka tulilaze, dakika ishirini."

Egon alitazama saa, akatazama kamera iliyokuwa juu ya mlingoti, akatazama saa tena.

"Malizeni," alisema. Kisha akamgeukia Zenzi. "Vua namba."

Zenzi alifungua kamba za ubavuni, akaivua fulana ya namba, akampa.

"Maadamu mimi nimevaa koti hili, wewe hutangulii mashindano yoyote. Mwoga hana kazi kwenye mlima."

Mbio zilianza saa tano na dakika ishirini na nne. Zenzi alisimama nyuma ya wavu na kuhesabu. Namba moja alikuja na kilo zake sabini na tano, akarushwa, akatua hatua tano kabla ya mstari wa bluu, akaendelea. Namba mbili vivyo hivyo. Wengine walitua karibu na mstari kiasi cha kumfanya Zenzi ashike wavu kwa mikono miwili, lakini hakuna aliyeuvuka. Mtangazaji kwenye vipaza sauti alisikitika kwamba Tuta la Padri leo limelala usingizi. Mzee mmoja mwenye soseji mkononi alimwambia mkewe kwamba tuta la namna hii hata yeye angeliruka na viatu vya nyumbani. Mshindi alipoulizwa kuhusu kuchelewa, alisema hajui walichelewa kwa nini, yeye hakuona cha kutisha.

Saa tisa kasoro dakika kumi Ditmar alimpitia, begi la karatasi kwapani.

"Nimefikiria nitakavyosema," alianza. "Wataniuliza swali moja tu. Aliogopa nini, wakati wote hamsini na watatu wamepita salama?"

"Wote?" aliuliza Zenzi, ingawa alikuwa amewahesabu mwenyewe.

"Wote."

"Hakuna aliyebebwa?"

"Hakuna."

"Basi wajibu hivyo."

Ditmar alisimama kidogo. Ilionekana kama atamshika bega, lakini mikono yake ilikuwa na makaratasi.

"Kwenye fomu kuna sehemu ya matokeo, Zenzi, na sehemu ya majeraha," alisema taratibu. "Hicho unachokisema hakina pa kuandikwa."

Akaenda kikaoni. Zenzi alimtazama mpaka alipoingia mlangoni, kisha akapanda kwenda kuwasaidia akina Korbinian kukunja nyavu. Zilikuwa nyingi, na jua lilikuwa limeshaondoka upande ule wa mlima.