Fenesi la Bi Vasantha

Kila jioni Bi Vasantha aliketi sakafuni, ghorofa ya tisa huko Flemingdon Park, ughaibuni, akachovya vidole vya mkono wa kushoto kwenye kibakuli cha mafuta ya nazi ili viteleze vizuri juu ya nyuzi. Kisha akaipiga veena yake, ala ya shingo ndefu na nyuzi saba, iliyochongwa India ya Kusini kwa mti wa mfenesi. Ng'ambo ya ukuta, jirani yake Pyarali alizima televisheni. Wote wawili walizaliwa Tanga, na sauti ile ndiyo aliyoisikia Pyarali utotoni kila alipopita kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli.

Januari, veena ilichipua majani shingoni.

"Imeota, Pyarali bhai."

"Umeimwagilia?"

"Kidogo. Naogopa itaoza."

"Isogeze dirishani. Na jana ulikosea pale mwisho."

"Masikio yako ndiyo yamezeeka."

Machi ikazaa fenesi moja, kubwa kama mto wa kulalia. Siku hiyohiyo mwana wa Bi Vasantha, Suresh, alikuja na masanduku matupu. Alikuwa amempatia mama chumba katika nyumba ya wazee. Kizuri, ila ala za muziki haziruhusiwi.

"Mama, tulishaongea."

"Wewe uliongea."

Bi Vasantha alijipaka mikononi mafuta yaleyale, utomvu usimnate, akapasua fenesi, akawagawia Suresh na Pyarali. Suresh alikula vipande vitatu, kisha akaanza kuimba. Yalikuwa masomo ya nyimbo za Kitamil aliyoyakataa utotoni, moja baada ya jingine, bila kosa. Mama yake alimpigia mapigo pajani kwa kiganja, kama mwalimu. Wimbo ulipoisha, Suresh alinawa mikono, akafungasha nguo za mama yake.

"Lifti inasubiri," alisema.

Veena ilibaki kwa Pyarali. Hajui kuipiga; anaimwagilia tu. Ikizaa, hupanda basi na fenesi kwenye mfuko, mpaka mapokezi ya nyumba ya wazee, ambako huambiwa kwa upole kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Hurudi kituoni, chini ya madirisha ya nyumba ile, akajipaka mafuta aliyoyabeba kwenye kichupa, akapasua, akala, akaimba Kitamil asichokijua. Abiria humsogezea nafasi kwenye benchi.

Juu, nyuma ya dirisha lisilofunguka, kiganja humpigia mapigo kwenye kioo mpaka basi lije.