Kisiwa cha Dakika Arobaini

Saa mbili na nusu asubuhi mwongoza wageni alisimama kwenye gati la hoteli, akagawa maboya ya kuvaa, akahesabu vichwa kumi na vinne, akawaambia anachowaambia kila siku: safari ya kisiwani ni dakika arobaini. Walifika kwa dakika thelathini na moja.

Nahodha aliigongagonga saa yake, kisha akaangalia injini. Injini ilikuwa ile ile kuukuu, inayokohoa kila ikipanda wimbi. Kisiwa ndicho kilichokuwa kimesogea.

"Kinakuja huku," alimwambia mwongoza wageni, kwa sauti ya mtu anayesema jioni kutakuwa na mawingu.

Wiki iliyofuata zikawa dakika ishirini na mbili, kisha tisa. Wageni walilalamika kwamba wameahidiwa dakika arobaini za upepo wa bahari. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Ratiba kwa sababu hata chafya yake ilikuwa na saa yake, hakuuliza kisiwa kina nini. Aliagiza boti izunguke. Basi ikawa inatoka gatini na kuzunguka baharini kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi dakika arobaini zitimie. Wageni wengine walirudi wakisema wameona visiwa vitatu.

Aliyekosa raha ni mama yake mwongoza wageni. Kule ndiko alikozaliwa, akaolewa, akazaa, mpaka miaka kumi na tisa iliyopita hoteli ilipokitaka kisiwa kikiwa kitupu, wenyewe wakapakiwa botini pamoja na magodoro yao. Tangu hapo aliishi na bintiye huyo kwenye chumba nyuma ya jengo la dobi wa hoteli, chumba ambacho ukuta wake una joto mwaka mzima. Kisiwani walishuka wageni waliofungwa kitambaa cha hoteli mkononi na wafanyakazi wenye sare, basi. Yeye alitaka kukanyaga uwanja wa nyumba yake mara moja kabla hajafa, na bintiye alikuwa amemwombea ruhusa kwa meneja mara tatu. Mara tatu akajibiwa kwamba wageni wanakuja kutafuta upweke.

Siku hizo mama hakuketi. Alianika nguo, akazianua zikiwa mbichi, akaenda ufukweni, akarudi, akauliza zimebaki dakika ngapi.

"Mama, tulia basi. Utamaliza viatu."

"Kisiwa kizima kimefunga safari kunifuata, halafu mimi nitulie?"

Jumatano, wakati wa kifungua kinywa, kisiwa kilifika. Kiligusa ufuko wa hoteli taratibu, kama mtu anayevuta kiti asiamshe mtoto, kikasimama. Kati ya vitanda vya kuotea jua na vichaka vya kwanza vya kisiwa palibaki hatua kumi na moja za mchanga mkavu. Mhudumu alihamisha meza mbili, akaendelea kumimina juisi.

Kufikia saa nne palikuwa na uzio, lango na mlinzi. Ratiba haikubadilika: wageni walipanda boti gatini, wakazungushwa dakika arobaini, wakashushwa upande wa pili.

Mama alivaa gauni lake la kutokea, akaenda langoni. Mlinzi alikuwa kijana wa jirani yake wa zamani. Hakumzuia kwa mkono. Alimwambia tu, akitazama chini, kwamba akipita, yeye hana kazi. Mama akamuuliza watoto hawajambo, akageuka.

Jioni hiyo bintiye alirudi na fomu, akaiweka mezani bila kumtazama. Kisiwa kilikuwa kimeongeza takataka ufukweni na hoteli ilihitaji mfagiaji.

"Najua si heshima, mama. Kwenda kwako kama mfagiaji."

"Kwani zamani nilikuwa nafanya nini pale? Leta kalamu."

Alipewa sare iliyomzidi mabega. Kwa kuwa wafanyakazi nao hufuata ratiba, aliingia botini, akazungushwa, akakaa wima muda wote akikiangalia kisiwa kikipita kulia, kikapita kushoto, kikapita tena kulia. Nahodha, kwa huruma, alipunguza dakika mbili.

Aliposhuka hakuuliza njia. Alifagia kuanzia kisimani, akaja jikoni, akaja sebuleni, ingawa mtu mwingine angeona mchanga mtupu na vitanda vya masaji. Kitanda kimoja alikisogeza hatua mbili, kwa sababu kiliziba mlango. Tangu saa hiyo dada wa masaji naye akawa anaingilia upande ule, akiinama kidogo.

Saa kumi Bwana Ratiba alipita kukagua. Alikiri hajawahi kuona mfagiaji anayejua kila pembe siku ya kwanza. Alimwambia akiendelea hivyo, baada ya miezi mitatu ya majaribio atafikiriwa.

"Majaribio ya nini, mwanangu?"

"Kuona kama utayazoea mazingira."

Mama alikung'uta ufagio wake kwenye kizingiti kisichokuwepo.

"Nitajitahidi," alisema, akaenda kupanga foleni ya boti.