Nakala ya Mzee

Mpiga picha za harusi alipoteza picha zote za bibi harusi mmoja diski yake ilipokufa, akaapa hataaibika tena hivyo. Akanunua kompyuta kuukuu iliyovunjika kioo, akapachika diski mbili za mtumba ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu, akachomeka waya kwenye ruta ya intaneti na kuweka programu ya bure. Kila jioni mashine ingenakili yenyewe picha zote za simu na kamera za nyumbani.

Aliyemuuzia diski alimwonya kuhusu joto. Chumba pekee chenye hewa kilikuwa cha baba yake, mwashi mstaafu aliyeanza kusahau mambo. Mpiga picha akamhamishia stoo, kando ya jiko, mashine akaiweka chumbani humo.

"Ni kwa muda tu, baba."

"Haya, mwanangu. Mimi mtu wa kulala tu."

Mashine ilimaliza picha, ikaendelea na vingine. Asubuhi moja mke wa mpiga picha aliingia humo kufagia, akamkuta baba mkwe ameketi kando ya mashine, shati safi. Alipotoka akamkuta tena stoo, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Imemnakili mzee," alimwambia mumewe.

"Nimeona."

"Sasa chai niweke vikombe viwili?"

"Weka."

Yule wa nakala hakukohoa wala kusahau. Wageni walimpenda, watoto wakahamia miguuni pake kusikiliza hadithi. Stoo hakuna aliyekwenda, ila kupeleka sahani.

Siku moja yule wa nakala alimuuliza mpiga picha, "Mwenzangu mmemweka wapi?"

"Stoo."

"Stoo ni tanuri. Hiki chumba nilikijenga mwenyewe. Nilitoboa madirisha yatazamane, nikizeeka nipate upepo."

Mpiga picha akainama kukaza waya uliokwisha kukazwa. Angeweza kuihamisha mashine siku hiyohiyo. Lakini harusi zilikuwa nyingi, na diski hazipendi joto. Jioni alimnunulia baba yake feni ndogo. Mzee alimshukuru mno, na shukrani hizo zikamkosesha mwanawe usingizi.

Kiangazi kilipopamba moto, hata chumba chenye hewa kilishindwa. Mashine ikaanza kupiga kelele. Mpiga picha akaja kusimama mlangoni pa stoo, akiitazama feni.

"Inalilia nini?" mzee akauliza.

"Joto, baba."

Mzee akazima feni, akaizungushia waya wake vizuri, akamnyooshea.

"Peleka. Isije ikaungua na picha za watu."

Aliipokea kwa mikono miwili. Yule wa nakala alimtazama akiingia nayo, asiulize imetoka wapi, akasogeza tu kiti chake kupisha. Mashine ikapoa, ikanyamaza. Ilipofika jioni ikanakili kila kitu, kama kawaida.