Jina la Mwisho Kwenye Karatasi ya Jeff

Msiniite mchawi. Mjukuu wangu alikuwa na siku tatu duniani na hajanyonya hata tone. Daktari wa Tororo alimpima, akasema hana ugonjwa. Mimi nilijua shida ni jina.

Naitwa Nangila, Msamia wa Busia. Niliolewa kwa Waiteso hapa karibu na Rubongi, mwaka wa arobaini huu. Kwao mtoto hapewi jina, analichagua. Bibi anachovya kidole kwenye pombe ya wimbi, anamtia mdomoni, anataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Akinyonya kidole, jina ndilo hilo, na ziwa atalishika. Lakini wafu tu! Ukitaja aliye hai na mtoto akanyonya, chomoa kidole upesi jina limrudie mwenyewe. Ukichelewa, mwenyewe hakai duniani.

Niliwataja wote: Ikwap, Okware, hadi mashangazi waliozikwa ng'ambo Kenya. Mtoto akafunga mdomo kama mzee aliyesusa chakula. Hata sauti ya kulia ilikuwa imemwisha.

Ndipo akaingia Jeff, Mzungu wa Kiswahili cha Nairobi. Mara ya tatu wiki hiyo, jamani! Babu wa baba yake alikuwa na shamba la pamba huku, na mpishi wake alikuwa mama mzazi wa baba mkwe wangu. Jeff alitaka kujua kama baba mkwe alikuwa damu ya yule Mzungu.

"Mama, nipeni mate ya mwanao tu, kwenye kichupa hiki, yapimwe ukoo."

"Mate? Njoo karibu nikutemee!" Mara mbili nilimfukuza hivyo. Lakini baba mkwe alikuwa na macho rangi ya asali, na nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku hiyo sikumfukuza. Nilitazama midomo ya mtoto ilivyokauka, nikasema, "Karatasi ya ukoo wenu unayo? Soma majina. Polepole." Sikumwambia asome wafu tu. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka.

"Walter," akasoma. Nikachovya. Kimya. "Edith. Henry." Kimya. Kuku waliokuwa wakichakura uani wakasimama wote. Jeff akafika chini kabisa ya karatasi.

"Maggie."

Mtoto akavuta kidole. Akakivuta kwa nguvu, macho wazi, akimtazama Jeff.

Mke wa mwanangu akapiga vigelegele huku analia. Jeff naye machozi. "Kumbe sisi ni ndugu!"

"Ni ndugu," nikasema. "Huyu Maggie alikufa lini?"

"Kufa? Ni binti yangu, Mama. Ana miaka sita. Nimemwacha na mama yake hotelini Tororo, ana homa kidogo."

Nikatazama kidole changu mdomoni mwa mtoto. Simu ikaanza kulia mfukoni mwa Jeff.

"Mama, mbona umeuliza habari ya kufa? Kuna nini?"

Mtoto alikuwa ananyonya, mashavu yakiingia na kutoka, rangi imeanza kumrudia usoni.

Mungu anisamehe. Kidole sikukitoa.