Bahari ya Saa Tatu na Dakika Kumi

Mtu asiye na gari hafiki Portaspina. Stesheni ya treni iko juu mlimani, mji uko chini ufukweni, na kati yake kuna kilomita tisa za barabara yenye kona, isiyo na njia ya waendao kwa miguu. Kuna pia handaki moja, na mlangoni pake pana kibao kinachowakataza waendao kwa miguu wasiingie. Zamani palikuwa na basi. Meya alilifuta miaka miwili iliyopita, akisema linabeba hewa. Mwezi uleule shemeji yake alifungua ofisi ya kukodisha magari palepale stesheni, magari kumi na moja meupe, na hewa ikaanza kukodi magari.

Si kila kitu kilifutwa. Mkataba wa basi ulikuwa mmoja, wa kuchapa ratiba ulikuwa mwingine, na wa wakaguzi wa tiketi mwingine tena. Kwa hiyo kila Juni mtu alikuja kubandika ratiba mpya kwenye nguzo ya kituo. Baa ya stesheni iliendelea kuuza tiketi, kimashine cha njano ukutani kiliendelea kuzigonga tarehe na saa, na mkaguzi aliendelea kukagua. Kilichokosekana ni basi tu.

Delfina Morganti alishuka hapo Alhamisi moja ya Agosti, saa mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti mabovu, na kazi ya kupiga pasi kwa dobi huko Terni. Kuendesha gari hakuwahi kujifunza. Tangu basi lifutwe hakuwa ameonana na mama yake ila kwa simu. Jana yake alipigiwa na Nunziata, jirani wa mama yake.

"Delfina, njoo," Nunziata alisema. "Mama hali tena. Daktari kasema kesho jioni haioni. Anakuuliza wewe tu."

Mama huyo, Argia, alikuwa na miaka tisini na moja. Delfina hakuwa na ndugu. Aliomba ruhusa kwa dobi, akapewa siku moja, akapanda treni ya alfajiri, akabadilisha mara mbili.

Alikwenda kwanza kwenye ofisi ya magari. Kijana wa mezani aliitwa Ezio.

"Leseni, mama."

"Sina leseni. Nipeleke wewe tu, mwanangu. Kilomita tisa."

"Hapa tunakodisha magari, mama. Hatukodishi watu."

"Mama yangu anakufa."

"Pole sana," Ezio alisema, na alikuwa kijana mwenye adabu, alisema kwa moyo. "Kadi ya benki unayo, walau?"

"Nikiwa nayo bila leseni itanisaidia nini?"

"Unaweza kulikodi, ila huwezi kuliendesha. Wapo wanaofanya hivyo. Wanakaa ndani, kiyoyozi kinafanya kazi vizuri."

Taksi ya Portaspina ilikuwa moja, na mwezi wa Agosti ilikuwa ya maharusi wa hoteli. Delfina akatoka nje, akaenda kusimama kwenye nguzo ya kituo. Hapo alimkuta Mbaye, Msenegali wa makamo anayeuza taulo ufukweni, ameketi juu ya mzigo wake.

"Unashuka mjini, mama?"

"Nashuka. Wamerudisha basi?"

"Basi hakuna. Ipo bahari. Saa tatu na kumi."

Delfina akatazama saa ya stesheni. "Huwa inachelewa?"

"Bahari? Kwani hiyo ni basi?"

Ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia. Siku za kazi, asubuhi, bahari ilikuwa ikipanda barabara hadi stesheni, inachukua wasio na gari na kurudi nao chini. Hakuna aliyeiomba. Halmashauri haikuipinga, maana haikuwa na gharama. Aliyelalamika ni mwenye kukodisha miavuli na viti ufukweni. Wateja wa mstari wa mbele hulipa zaidi ili wawe karibu na maji, na maji yakienda stesheni wanabaki wakitazama changarawe. Wakakubaliana kwamba bahari isikae nje zaidi ya dakika thelathini na tano kila safari. Ikizidi, mlinzi wa waogaji hupiga filimbi, na bahari hurudi.

Delfina akafungua pochi.

"Usinunue tiketi, mama," Mbaye akamwambia.

"Nisinunue?"

"Bila tiketi wewe unaoga. Kuoga baharini ni bure, hakuna wa kukuuliza. Ukishika tiketi umekuwa abiria, na abiria ana mkaguzi wake."

"Mimi tangu nizaliwe sijasafiri bila tiketi. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli."

"Haya, basi nunua, uitie mfukoni. Usiigonge tu."

"Tiketi isiyogongwa ni wizi," Delfina akasema, na katika nchi ile hakuna mzee atakayembishia. Watu wamevunja ndoa na wakalala usingizi, lakini tiketi isiyogongwa huwatoa jasho treni ikiwa bado haijaondoka. Aliingia baa, akanunua, akaitumbukiza kwenye kimashine cha njano. Kikaandika tarehe na saa. Akarudi akiwa ametulia.

Saa tatu na dakika kumi bahari ilipiga kona ya mwisho ikaingia kwenye uwanja wa stesheni. Ilikuwa ya kijani, yenye kina cha magoti, na dagaa wachache ndani yake. Mwenye baa alipandisha viti juu ya meza kama afanyavyo akipiga deki. Delfina akavua viatu, akavifunga kwa kamba zake, akavitundika shingoni, akaketi. Maji yakamshika mgongo. Mbaye akalala chali, mzigo wake wa taulo juu ya kifua, mkavu. Wakaanza kushuka.

Bahari ilienda upande wa kulia wa barabara na kuwapisha wenye haraka. Gari moja jeupe lilipunguza mwendo, mtalii akapiga picha, kisha akapiga honi kwa sababu bahari ilipinda bila kuwasha taa.

"Hujambo huko nyuma, mama?" Mbaye aliuliza.

"Sijambo. Hii inafika saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu uko mlangoni kwa mama yako."

Kwenye jiwe la kilomita ya tano alikuwa amesimama Ruggero Tassi, mkaguzi wa tiketi, na sare yake, na kofia. Akanyoosha mkono. Bahari ikasimama. Ilikuwa na adabu kuliko madereva wengi.

"Tiketi," Ruggero akasema.

"Mimi naoga," Mbaye akasema.

Ruggero akamtazama. Kweli alikuwa majini, na alikuwa amelala chali. "Oga salama," akamwambia, akamgeukia Delfina. Delfina alikwishaitoa tiketi yake, ameishika juu ili isilowe.

Mkaguzi akaisoma mbele na nyuma. "Hii ni ya basi namba saba."

"Ndiyo, bwana."

"Hili ni basi?"

"Hapana, bwana."

"Basi namba saba liko wapi?"

"Walilifuta."

"Kwa hiyo umegonga tiketi ya basi ambalo halipo, ukapanda chombo ambacho tiketi haikitaji. Hayo ni makosa mawili, mama. Shuka, tuandike."

"Bwana, mama yangu yuko kufani. Niache nifike, utaniandikia huko huko chini."

"Nami nina mama. Tena wangu angeona haya nikiacha kazi nusu."

"Mama, ichane!" Mbaye akapiga kelele. "Ichane, jitupe majini, uwe unaoga!"

Delfina akaitazama tiketi. Ilikuwa imegongwa, tarehe inasomeka, saa inasomeka. Mkono haukwenda. Akasimama, akapanda ukingoni mwa barabara, maji yakimchuruzika sketini. Ruggero akamtolea kitambaa afute miguu.

Filimbi ikasikika kutoka chini, kisha tena. Bahari ilingoja kidogo, halafu ikaondoka na Mbaye, ambaye aliendelea kugeuka nyuma mpaka kona ikamficha.

Kuandika kulichukua dakika ishirini. Mahali pa chombo cha usafiri fomu ilikuwa na basi, tramu na meli. Ruggero alifikiri sana juu ya meli. Mwisho akaandika "kinginecho".

"Jina la mama mzazi?"

"Argia."

"Yu hai?"

"Jana alikuwa hai."

"Fomu inataka leo, mama."

Delfina akaikunja sketi yake, akaikamua maji. Kisha akasema, "Andika yu hai." Ruggero akaandika, akamwonyesha pa kusaini, akamtakia safari njema, akakaa kivulini kumngoja mwingine.

Delfina akavaa viatu juu ya miguu ya chumvi, akaanza kutembea. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini, na jua la mwezi ule haliombi radhi. Magari meupe yalimpita, mengi yakiwa na watu wawili mbele na viti vitatu vitupu nyuma. Moja lilisimama. Mwanamke akateremsha kioo.

"Tungekuchukua, shangazi, ila mkataba unataja majina yetu wawili tu. Ukipanda, bima inakufa."

Mumewe akampa chupa ya maji, ya baridi. Delfina akashukuru.

Handakini alikuta kile kibao. Ndani palikuwa na kivuli na mita mia tatu za kunyooka, na mwisho wake unauona. Hakuwapo mtu wa kumzuia. Delfina alisoma kibao mpaka mwisho, akapanda njia ya mbuzi juu ya kilima, akashuka upande wa pili amekaa chini, akijisukuma kwa mikono kama mtoto kwenye ngazi.

Alifika saa tano na nusu. Nunziata alikuwa mlangoni, amekwisha kufunga madirisha ya mbele kama desturi ya hapo inavyotaka nyumba ikifiwa. Delfina hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza.

"Saa tano na dakika kumi," Nunziata alisema. "Kaa chini kwanza. Tazama mguu wako unavyotoka damu."

"Alisema chochote?"

"Aliuliza mara tatu. Saa tatu aliuliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani. Saa nne akauliza tena, akajijibu mwenyewe: basi limechelewa."

"Hukumwambia kwamba lilifutwa?"

"Miaka miwili namwambia limechelewa. Ulitaka nimwambie nini, shoga? Kwamba mwanawe haji?"

Delfina akaketi kwenye kiti cha jikoni. "Na mara ya tatu?"

"Mara ya tatu alisema ukishuka nikwambie usikimbie, una magoti mabaya."

Meya alikuja mazikoni kwa gari jeupe. Alimshika Delfina mikono yote miwili, akamwambia kwamba usafiri ni jambo lililo karibu sana na moyo wake. Mbaye alikuja pia, akakaa nyuma kabisa ya kanisa, suruali imelowa mpaka magotini.

Septemba halmashauri ilijadili tukio lile, kwa kuwa lilikwishaandikwa kwenye fomu na fomu haiwezi kuachwa bila jibu. Waliona kosa ni kwamba bahari ilikuwa ikifanya kazi bila utaratibu. Wakaipa namba, na nguzo yake, na ratiba. Ikawa haiji Juni hadi Septemba kwa ajili ya mstari wa mbele, na miezi mingine haiji mpaka abiria watimie kumi na watano. Hawajawahi kutimia. Bahari ilipokea barua, na tangu hapo imekaa mahali pake. Mbaye sasa hushuka kwa miguu, kwa njia ya mbuzi, na mzigo wake kichwani. Magari meupe yamefika kumi na tisa.

Delfina alirudi Terni kupiga pasi. Safari ile ilimgharimu kilomita nne za jua, ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia, siku mbili za kazi ambazo dobi hakuzilipa, faini ya euro sitini na tano ambayo aliilipa posta kabla ya tarehe, na mama mmoja, kwa dakika ishirini.