Punje za Maji ya Chumvi

Mama alinifungulia kiganja. Punje zangu zilikuwa ndogo na ngumu vilevile, kama mchele uliokataa kuiva, na nyuma yake miche ya nyanya ilikuwa imelala chini, mistari mitatu mizima.

"Ungeniuliza, mwanangu," alisema, "ningekwambia maji yetu yana chumvi."

Punje hizo tulizitengeneza maabara kwa wanga wa muhogo. Katika maji safi, kijiko kimoja kilivimba mpaka kikajaza chupa. Ukizifukia penye mizizi, hunywa maji, kisha huyaachia kidogo kidogo jua linapowaka. Kwa kujiamini kwangu nilimwambia Mama apunguze kumwagilia. Chumvi huzibana punje zisinywe; hilo nililisoma mwaka wa kwanza chuoni. Kisima chake sikukiwaza.

Nilirudi mjini na aibu yangu. Kwa miaka miwili Mama alinitumia chupa ya maji ya kisima kila mwezi, akimkabidhi dereva wa basi. Nikakizoea kisima kile kama mtu mwenye tabia zake: kiangazi chumvi hupanda, mvua zikija hulegea. Nilichanganya, nikaharibu, nikaanza upya. Kila akipiga simu aliuliza nakuja lini, nami nikajibu kazi haijakamilika. Siku moja alisema, "Maji nitatuma. Lakini maji hayasalimii."

Kiangazi kilichofuata nilikwenda na mchanganyiko mpya. Tuliloweka kijiko kimoja cha punje katika maji ya kisima, ndani ya chupa tuliyoiweka kivulini, tukapima kwa rula asubuhi na jioni. Hazikufika hata nusu ya zile za maabara, ila zilivimba, zikang'aa kama macho ya samaki. Siku ya pili jioni zilikuwa zimeshiba. Nilijua. Naye, aliyeishika rula, alijua.

"Tungoje kidogo," alisema. "Huenda zikaongezeka."

Tukangoja siku tano. Hazikuongezeka hata kidogo. Kila asubuhi aliniamsha tukapime, tukachuchumaa bega kwa bega, akinisimulia mambo ya usichana wake ambayo sikuwahi kumuuliza.

Tulizifukia penye mizizi, na miche ya msimu ule ilisimama. Mavuno Mama hakuyaona. Alifariki mvua zilipoanza.

Kwenye ripoti niliandika kwamba punje hushiba kwa siku mbili. Ndivyo ilivyo. Lakini kabla ya kuandika ile mbili, kalamu ilikaa hewani muda mrefu.