Wafungwa wa Kijiji cha Juu

Mjukuu wangu alinipa masharti mawili kabla sijapanda gari: nisivae viatu vya kunibana, na nisifungue mdomo.

"Bibi, leo napimwa," alisema huku akinifunga kamba za viatu, maana mgongo wangu siku hizi hautaki kuinama. "Mkaguzi wa wilaya atakaa nyuma na kalamu yake. Nikifaulu, napewa beji ya kutembeza wageni. Nikishindwa, nasubiri mwaka mzima."

"Na mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa, mke mwenzangu. Ila nakujua."

Nikaahidi. Nyumbani tunamwita Kasuku, kwa sababu tangu mdogo akisikia kitu mara moja anakirudisha neno kwa neno, hata kama ni matusi ya jirani. Kitabu cha ofisi kuhusu vijiji vya kale vya bonde letu alikuwa amekimeza chote, pamoja na jalada.

Tulikuwa wageni sita ndani ya basi dogo. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu mwenye fimbo, kofia, na maswali mengi kuliko watoto wote aliowahi kuwafundisha. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikaa kiti cha mwisho kimya kama mtungi.

Kijiji cha kwanza tulioneshwa kisima, na alama ambazo kamba za ndoo zimechimba kwenye mawe ya ukingo. Kasuku aliongea vizuri, bila kukwama. Lakini kilichonifurahisha mimi hakikuwa kitabuni. Kwenye ngazi za kupandia kijiji cha pili, Mwalimu alianza kuhema kama mvukuto. Kasuku akasimama ghafla. "Samahanini, nifunge kiatu." Akainama pale muda mrefu, mpaka pumzi ya mzee ikarudi. Niliangalia viatu vyake. Havikuwa na kamba.

Kijiji cha tatu ndicho kile cha juu, nilikoolewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Watu walishahamia chini kando ya barabara, zikabaki nyumba za mawe na upepo. Kasuku akatusimamisha mbele ya kijumba chenye mlango mfupi, na kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: NYUMBA YA WAFUNGWA.

Nikakohoa. Mjukuu wangu akanikata jicho.

"Hapa," alianza kwa sauti ya huzuni aliyoifanyia mazoezi jikoni kwangu, "walifungiwa wafungwa kumi na wanne. Walilala juu ya majani makavu. Walipewa maji mara mbili kwa siku. Aliyetoroka alirudishwa na kamba shingoni."

"Masikini!" akasema mgeni mmoja.

"Na kukiwa na harusi," Kasuku akashusha sauti, "mmoja wao alichinjwa."

Mwalimu akavua kofia.

Sasa nieleze, maana kosa lilikuwa langu. Kijumba kile kilikuwa cha mbuzi wa mama mkwe wangu. Walikuwa watundu, kila siku wanakata kamba na kuingia kwenye mboga za watu, basi mama mkwe akawaita wafungwa. "Wafungwa wamekunywa maji?" "Mfungwa mmoja hayupo!" Nyumba nzima tukaongea hivyo mpaka tukasahau kwamba ni utani. Siku moja akaja bwana mmoja na daftari, akanikuta nimebeba ndoo mbili. Akauliza, kile kijumba ni cha nani? Nikamjibu nikipita: cha wafungwa. Wangapi? Wanalala wapi? Wakitoroka je? Nikamjibu yote kwa uaminifu, nikaenda zangu. Na lugha yetu nayo haikumsaidia yule bwana: mbuzi katoroka, mtu katoroka, utajuaje?

Nilikuwa bado nauma mdomo wangu Mkaguzi alipofungua wake kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mbona mlango unaishia kiunoni?"

Kasuku akakigeukia kibao. Kitabu hakikuwa na jibu hilo. Nikaona shingo yake inalowa jasho, nami nikapata shida: nikisema, namuaibisha mtoto mbele ya kalamu; nisiposema, anazama. Angeweza kubuni kitu. Wageni walikuwa tayari kuamini lolote.

"Sijui," akasema. "Kitabu hakisemi, na kubuni sitaki. Lakini bibi yangu aliolewa kijiji hiki. Bibi, fungua mdomo."

"Uliniwekea sharti."

"Nimeliondoa, Bibi, tafadhali!"

"Mlango ni mfupi," nikasema, "kwa sababu wafungwa wenyewe walikuwa wafupi."

"Wafupi kiasi gani?" akauliza Mwalimu.

"Kiasi cha goti na kidogo juu. Na wote walikuwa na ndevu. Hata wa kike."

Mwalimu akairudisha kofia kichwani kwa nguvu. "Nimevua kofia kwa ajili ya mbuzi!"

Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kasuku hakucheka. Alikuwa anamtazama Mkaguzi, aliyekuwa anaandika, anaandika, kama vile karatasi haina mwisho.

"Kitabu hicho," Mkaguzi akasema taratibu, "nimekisahihisha mimi. Mara tatu." Akavua miwani, akaifuta. "Na swali la mlango nimewauliza watembezaji tisa. Mmoja alisema wafungwa walitambaa kama adhabu. Mwingine akaniambia watu wa kale walikuwa na miguu mifupi. Wewe ndiye wa kwanza kusema hujui."

"Kwa hiyo nimeshindwa?"

"Umeshindwa wapi? Beji utaichukua Jumatatu. Na njoo na Bibi, kuna kurasa nyingine nazitilia shaka."

Mtoto alinikumbatia hadi kitambaa kikanidondoka kichwani. "Bibi wewe! Wiki nzima nafanya mazoezi ya huzuni jikoni kwako, na unakaa kimya?"

"Nilidhani unalilia mtihani."

Tukaanza kushuka. Njia ile nilikuwa naikimbia na ndoo mbili. Leo katikati tu magoti yakaanza kulalamika, kifua nacho kikadai chake. Sikutaka mtu ajue. Kasuku alikuwa mbele, ameshikwa na Mwalimu na maswali ya ndevu.

Mkaguzi, aliyekuwa kando yangu, akasimama. "Tangulieni," akawaambia wengine, "nafunga kiatu." Akainama, akashughulika pale kwa utulivu, mpaka pumzi yangu ikarudi yote.

Niliviangalia viatu vyake vizuri. Halafu nikaamua kutimiza ahadi yangu ya asubuhi, nikafunga mdomo.